Kifaa cha sikioni cha kigugumizi, na saa ya kufundisha mtoto matamshi: tununue?

Swali limetoka kwa kijana wa Njombe aliye mwaka wa mwisho wa ualimu, chuoni Iringa. Nimelifupisha:

"Shikamoo mama. Nina kigugumizi tangu utotoni. Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha sekondari moja ya Mafinga, somo langu ni Kiswahili, na nikifikiria kusimama mbele ya kidato cha pili usingizi unakata. Mtandaoni nimeona kifaa cha kuvaa sikioni kinachoondoa kigugumizi, na plasta ya kubandika shingoni inayosema badala yako. Baba mdogo yuko tayari kuuza parachichi za msimu huu ili tuchangie. Je, tununue? Jambo la pili, mpwa wangu wa miaka mitano anaishi kwa bibi yake Tukuyu, na bado anasema 'balabala' na 'lafiki'. Mwalimu wake wa chekechea ametushauri tumtafutie saa ya mkononi yenye programu ya Kiingereza ya kufundisha matamshi. Itamfaa?"

Marahaba, mwalimu. Nakuita mwalimu kwa sababu ndivyo utakavyoitwa Mafinga kuanzia siku ya kwanza, kigugumizi kikiwepo au kisiwepo.

Jibu langu ni hili. Baba mdogo asiguse parachichi zake mpaka kwanza ujaribu kwa simu uliyo nayo mfukoni, nitakueleza namna. Plasta iache, haijafika mahali pa kununuliwa na mtu kama wewe. Saa ya mtoto usinunue kabisa. Sababu ya kukataa saa ni tofauti na sababu ya kusitasita juu ya kifaa cha sikioni, na ningependa uishike vizuri kwa sababu matangazo ya namna hii yataendelea kukufikia.

Kuna vifaa vinavyobadilisha unachokisikia wewe mwenyewe unaposema. Hivyo havijali unasema Kiswahili, Kihehe au Kijapani, kwani havijaribu kukuelewa. Vipo vingine vinavyokusikiliza, vinakulinganisha na sauti vilizofundishwa, kisha vinakupa maksi. Hivyo vinaijali lugha kuliko kitu kingine chochote. Kifaa cha sikioni ni cha aina ya kwanza, saa ya mpwa wako ni ya aina ya pili.

Kinachojulikana zaidi kati ya vifaa vya sikioni kinaitwa SpeechEasy. Kilizaliwa na utafiti wa East Carolina University, Marekani, na kikaanza kuuzwa mwaka 2001. Kwa umbo ni kama shime sikio, kile kifaa wanachovaa wenye usikivu hafifu. Kinaichukua sauti yako kupitia maikrofoni ndogo, kinaishikilia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kinaipandisha au kuishusha kidogo, halafu kinakurudishia sikioni. Unachosikia ni kama mtu wa pili anayesema nawe maneno yaleyale, nyuma yako kidogo tu.

Hali hiyo unaifahamu tayari. Jumapili usharika mzima unaposema Baba Yetu kwa pamoja, je, unakwama? Wengi mno wenye kigugumizi hawakwami hapo, wala hawakwami wakiimba kwaya. Sauti ya mwingine inayokwenda sambamba na yako inaushika usemi na kuupa njia, na kifaa kinajaribu kuitengeneza sauti hiyo kutoka kwenye sauti yako mwenyewe. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alionyesha kwamba mtu asiye na kigugumizi, akirudishiwa sauti yake imechelewa kidogo, huanza kujikwaa na kurudiarudia silabi. Usumbufu huwa mkubwa zaidi ucheleweshaji ukikaribia milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wenye kigugumizi mambo hugeuka: wengi wao hupata nafuu, tena kwa ucheleweshaji mfupi zaidi, milisekunde 50 hadi 75 hivi.

Kwa hiyo anayesema kifaa kinasaidia baadhi ya watu hakudanganyi. Anayesema kinaondoa kigugumizi anakudanganya, na huyo usimtumie hata shilingi. Nafuu huonekana zaidi mtu anaposoma kwa sauti kuliko anapozungumza. Kwa wengine hupungua kadiri sikio linavyozoea, na wapo ambao tangu mwanzo hawasikii tofauti yoyote.

Wewe hasa nakuhofia mambo mawili. La kwanza ni kukwama kimya. Kigugumizi cha kurudia, ki-ki-ki-kitenzi, angalau kinatoa sauti, na kifaa kinapata cha kukurudishia. Lakini wengi wa wakubwa wanakwama bila sauti: midomo imekaa tayari, shingo imekaza, pumzi imefungwa, hakuna kinachotoka. Pasipo na sauti hakuna mwangwi, na kifaa kinabaki kimya pamoja nawe pale pale ulipokihitaji. Kama kukwama kwako ni kwa namna hiyo, jua umepoteza sehemu kubwa ya faida kabla hujalipa. La pili ni darasa lenyewe. Maikrofoni haichagui. Viti vinavyoburutwa sakafuni, mvua ya Mafinga juu ya bati, wanafunzi sitini wanaonong'ona, vyote vinaingia, vinacheleweshwa na kurudishwa sikioni mwako juu ya sauti yako. Watu wengi huvivua vifaa hivi mahali penye kelele, na mwalimu kazi yake iko penye kelele.

Bei nayo ni maelfu ya dola, achilia mbali kwamba kifaa kinatakiwa kupangwa kwa sikio lako na mtaalamu aliyefunzwa. Kikiharibika ukiwa Njombe, sijui utampelekea nani.

Sasa jaribio. Zipo programu za simu, baadhi za bure, zinazofanya ucheleweshaji huohuo. Pakua moja. Tafuta hedifoni za waya zenye maikrofoni, zile za bei ya chini madukani zinatosha. Usitumie za Bluetooth, kwani Bluetooth ina ucheleweshaji wake yenyewe, mara nyingi mrefu kuliko tunaoutaka, na utadhani njia haifai kumbe ni hedifoni. Hata simu nyingine huchelewesha zenyewe, basi anzia milisekunde 50 na usiogope kushuka. Sauti iwe ya chini, ya kusikika tu, usije ukaumiza masikio. Soma ukurasa wa gazeti. Kisha funga gazeti umsimulie mwenzako wa chumbani mlivyoshinda siku ile. Kisha nenda kibandani ukanunue vocha huku umevaa hedifoni. Jirekodi kote huko, na uendelee kwa majuma kadhaa, kwa sababu siku mbili za mwanzo kila kitu kipya hufanya kazi. Mpe rafiki rekodi asikilize bila kumwambia ipi ni ya hedifoni na ipi si yake. Ukiona nafuu ya kweli kwenye mazungumzo, si kwenye gazeti peke yake, niandikie tena na tutazungumza habari ya kifaa. Usipoiona, umepoteza bei ya hedifoni.

Kuna kifaa kingine rahisi ambacho hukukiuliza, nami nakiona kina maana zaidi kwetu: mdundo. Miaka ya 1960 huko Uingereza walijaribu kuwavalisha wenye kigugumizi kidude cha sikioni kinachogonga tik, tik, tik, nao wakasema silabi moja kwa kila mlio. Siku hizi saa au bangili inayotetema mkononi inaweza kufanya kazi hiyo pasipo mtu kuisikia. Kusema kwa mdundo kunapunguza kigugumizi kwa wengi, kasoro yake ni kwamba usemi unakuwa wa kiroboti. Lakini silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu na zina urefu unaokaribiana, ha-ba-ri-za-a-su-bu-hi, kwa hiyo kuzigonga ni rahisi na masikio ya Waswahili hayashtuki sana. Anza taratibu ukigonga kidole pajani, ukizoea punguza kugonga hadi ubaki na mdundo mwepesi unaoujua wewe tu. Kidole hakina chaji ya kuisha.

Haya yote, mwalimu, ni ya pembeni ukilinganisha na kazi yenyewe. Kigugumizi si woga, wala si kosa la mama yako, wala kilimi hakihusiki. Atakayekushauri ukatwe kilimi mkimbie. Ni jinsi ubongo unavyopanga na kuanzisha usemi, na mara nyingi kinatembea katika ukoo. Takriban mtoto 1 kati ya 20 hukipitia na wengi wao huachana nacho wenyewe, wakabaki watu wazima kama 1 kati ya 100. Ukifika shule yenye wanafunzi mia sita, huenda wenzako watano au sita wamekaa kwenye madawati wakiomba Mungu wasiitwe kusoma.

Somo la Kiswahili lina ugumu wake kwako. Mwenye kigugumizi hujifunza mapema kukwepa neno gumu kwa kuweka jingine. Dukani inawezekana. Darasani utaweka nini badala ya kiima? Kitenzi, kielezi, kivumishi, kiarifu, kihusishi, zote zinaanza na "k" na hazina mbadala. Basi tuifanyie kazi "k" hiyo. Unapokwama kwenye kitenzi, sehemu ya nyuma ya ulimi imebana kaakaa laini na pumzi imefungiwa nyuma yake. Mazoea yanakuambia usukume zaidi. Usisukume, wala usirudi mwanzo wa sentensi, wala usibadilishe neno. Baki papo hapo kwenye kukwama, uhisi ulimi ulipobana, kisha uulegeze polepole huku bado umeshikilia sauti hiyo, mpaka pumzi ipenye, halafu ingia kwenye "i" ukiivuta kidogo: kiiitenzi. Fanya hivyo chumbani, mbele ya kioo, kwa kujikwamisha makusudi. Ndiyo, makusudi. Ukiweza kujikwamisha na kujinasua ukiwa peke yako, kukwama kwenyewe kunapungua utisho. Kwa maneno yanayoanza na irabu, toa pumzi kidogo kwanza, sauti iifuate kwa ulaini, isiruke ghafla kooni.

Na kipindi cha kwanza kabisa, kabla ya kuandika tarehe ubaoni, waambie. Jinsi ya kusema ni hii: "Mimi nina kigugumizi. Mara nyingine nitakwama kwenye neno. Nikikwama nisubirini, nitalimaliza mwenyewe." Usiombe radhi. Mtu anayekitaja kigugumizi chake mapema na kwa utulivu hupokelewa vizuri kuliko anayekificha kikafichuka, na mzigo wa kuficha, ambao ndio unaokula nguvu zako nyingi, unautua siku hiyohiyo. Mwone pia mwalimu atakayekukagua, umweleze kabla hajaja kukaa nyuma ya darasa na fomu yake.

Hela za parachichi, kama baba mdogo bado anataka kukusaidia, zigeuzeni nauli na ada ya kukutana na mtaalamu wa tiba ya usemi. Tuko wachache sana nchini, na huku Nyanda za Juu Kusini uchache unaonekana zaidi. Anzia idara ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, uulize ni nani anayepokea watu wenye kigugumizi. Tiba hii inawezekana hata kwa simu ya video, na kwa mtu mzima kama wewe inakwenda vizuri.

Plasta nitaipitia haraka. Video uliyoniletea inatokana na kazi ya University of California, Los Angeles, iliyochapishwa mwaka 2024. Ni kipande chembamba kinachobandikwa shingoni na kuhisi misuli ya koo inavyocheza, kisha kompyuta inakisia ni sentensi gani na kuitoa kwa sauti. Walipata usahihi wa karibu asilimia 95, lakini waliojaribiwa walikuwa watu wanane na sentensi zilikuwa tano tu, tena za Kiingereza. Imekusudiwa wenye matatizo ya sauti, na wewe sauti unayo. Ndugu zake ni plasta za koo zilizotengenezwa Northwestern University, karibu na Chicago, na kuonyeshwa mwaka 2018, za kufuatilia usemi na umezaji wa waliopata kiharusi. Hizo zinapima mtetemo wa koo moja kwa moja, kwa hiyo kelele za chumbani haziziharibii kazi. Natamani sana kuziona wodini kwetu, maana mgonjwa wa kiharusi akirudi kijijini hatujui tena anamezaje wala anasemaje hadi arudi kliniki.

Na kwa kuwa wengine huniuliza kuhusu wazee wenye ugonjwa wa Parkinson ambao sauti zao zimefifia: kwao kipo kifaa cha sikioni kinachoitwa SpeechVive, kilichotokana na utafiti wa Purdue University. Mzee akianza kusema, kinampigia sikioni kelele kama ya watu wengi wanaoongea, naye bila kufikiri anapaza sauti, kama wote tunavyofanya stendi. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza tabia hiyo mwaka 1911. Hicho nacho hakijali lugha, na natamani kingepatikana huku kwetu.

Turudi kwa mpwa wako, maana hapa nina la kusema kwa uzito.

Mtoto wa miaka mitano anayelelewa na bibi Tukuyu anasikia Kinyakyusa kutwa nzima, na Kinyakyusa hakitenganishi "r" na "l". Anaposema "balabala" anatumia sauti ambazo lugha yake ya nyumbani imempa. Huo si ugonjwa. Hata watoto wasio na lugha nyingine zaidi ya Kiswahili hupata "r" mwishoni, maana inadai ncha ya ulimi ipige ufizi wa juu kwa wepesi na kuachia, na ndimi za baadhi ya watoto wa miaka mitano hazijafikia wepesi huo.

Sasa mvalishe saa ya Kiingereza. Programu ndani yake imejifunza kutokana na sauti za watu wengi waliosoma Kiingereza, hasa watu wazima. Kila sauti mtoto anayotoa inalinganishwa na hizo, na inayofanana nazo inapewa nyota. Lakini "r" ya Kimarekani haifanani na yetu hata kidogo: ulimi hauugusi ufizi, unajikunja au kurundikana katikati ya kinywa na kubaki hewani. Mtoto akiipiga "r" safi ya Kiswahili, mashine inaweza kumwambia amekosea. Akikunja ulimi kama Mmarekani, anapata nyota. Mtakuwa mmelipa hela ili afundishwe "r" ambayo hakuna mtu Rungwe anayeitumia. Na sauti zetu nyingine, "gh" ya ghali, na hata "mb" ya mbuzi au "ng'" ya ng'ombe zinapoanza neno, kwa mashine hiyo ni kama hazipo. Juu ya hayo, koo na kinywa cha mtoto ni vifupi, sauti yake iko juu, na mashine zilizofundishwa na watu wazima huwakosea watoto mara nyingi hata kwa lugha zao wenyewe.

Kiswahili kinaanza kupata akiba yake. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi, Kiswahili kikiwemo, na yeyote anaweza kuchangia. Naomba walimu na wanachuo wa Mbeya na Iringa wachangie kwa lafudhi zao hizihizi, ili siku programu ya Kiswahili itakapotoka isiwapigie watoto wetu msalaba mwekundu kwa kusema kama bibi zao. Kwa sasa, mashine isiyojua Kiswahili isimpe mtoto wa Kitanzania maksi za matamshi.

Fanyeni hivi badala yake. Kwanza kabisa apimwe masikio, hasa kama amewahi kutoka usaha au anapandisha sauti ya redio. Kifaa cha kuvaliwa chenye historia ndefu ya kusaidia matamshi ya mtoto ni shime sikio, kwa mtoto anayelihitaji. Asiyesikia vizuri hawezi kuiga vizuri, na kwa wale ambao shime sikio haliwatoshi, Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza kifaa cha usikivu ndani ya sikio.

Masikio yakiwa salama, bibi acheze naye mchezo wa kusikia kabla ya kusema. Achore picha mbili, mtu anakula na mtu anapiga kura. Bibi, au shangazi anayetenganisha sauti hizo mbili vizuri, aseme "kula" au "kura" na mtoto aonyeshe picha. Akishaonyesha bila kubahatisha, ndipo ajaribu yeye kusema, na mkubwa ndiye aonyeshe picha. Dakika chache kwa siku, wakati uji unapoa, zinatosha. Akisema "balabala", mkubwa amrudishie tu "ndiyo, twende barabarani", bila kumkatiza wala kumchekea mbele ya wenzake. Kinyakyusa chake msikipunguze.

Mleteni haraka, bila kusubiri, kama watu wa nje ya nyumba hawaelewi anachosema, kama bado hajaunga maneno kuwa sentensi, au kama maneno aliyokuwa nayo yamepotea. Ikiwa tatizo ni "r" peke yake, mpeni muda hadi miaka saba. Ikifika hapo anasikia tofauti ya "kula" na "kura" vizuri lakini ulimi bado haufiki, mleteni kliniki tumfundishe mahali pa kuuweka. Na mwalimu wake wa chekechea mwoneshe jibu hili, kwa heshima, kwani ameshauri kwa kumpenda mtoto.